Ildikó si jina la muuaji

Mdogo wangu mpenzi,

Za masiku? Na baridi ya Debrecen, huko Hungaria? Huku sote tunakuombea ujifungue salama.

Nasikia mama mkwe wako anataka mjukuu aitwe Ildikó, na kuna ndugu zetu waliokwisha kukupigia simu ulikatae, eti ni jina la mwanamke aliyemuua mumewe usiku wa harusi. Nakuandikia hadharani kwa sababu maneno hayo yamesambaa, na naona yanamwonea bibi harusi yule.

Ni kweli alikuwa mke wa mwisho wa Attila, mfalme wa Wahunni, watu wa vita waliotikisa Ulaya, na Attila alikufa usiku wa ndoa yao, mwaka 453. Lakini shika habari iliyo kongwe zaidi, ya Priscus, Mgiriki aliyewahi kufika kwenye makao ya Attila. Imetufikia kupitia Jordanes, mwanahistoria wa karne ya 6. Bwana harusi alilewa divai, akalala chali, damu ya pua ikamshukia kooni. Kesho yake, jua limeshapanda, watumishi wakavunja mlango. Maiti haikuwa na jeraha hata moja, na binti yule alikuwa ameinama, analia ndani ya shela yake. Habari kwamba mkewe alimchoma kisu iliandikwa na Marcellinus, mwandishi wa tarehe, katika karne ya 6. Mimi namwamini Priscus.

Wataalamu wengi hulirudisha jina hili kwenye *hild*, neno la Kijerumani cha kale lenye maana ya vita. Si ajabu, maana Attila alitawala Wagothi na makabila mengine ya Kijerumani. Wahungaria waliingia nchi yao ya leo zaidi ya miaka 400 baadaye, wakamfanya Attila babu yao katika masimulizi. Karne ya 19 washairi wao wakayafufua; János Arany alimtia Ildikó katika utenzi wake wa mwaka 1863.

Mwanao akiuliza, mtajie Ildikó Újlaky-Rejtő. Alizaliwa kiziwi, akatwaa dhahabu mbili za mchezo wa vitara kwenye Olimpiki ya Tokyo, 1964.

Wafundishe wa nyumbani wakaze silabi ya kwanza, IL-di-koo, na mwisho wauvute. Wakishindwa, waseme Ildi, kama wenyewe wanavyofupisha. Huko kila jina lina siku yake kwenye kalenda; ya Ildikó ni Machi 10, tutapiga simu.

Na kwa kuwa huko mtoto anaruhusiwa majina mawili, mama anaomba la pili liwe la bibi.