Tusiwasingizie washauri

Mhariri,

Hapa Nakuru kiongozi akiboronga tunaambiwa: "Yeye ni mtu mzuri, shida ni waliomzunguka." Nakataa kabisa. Desemba 1991, wajumbe wa Kanu, chama tawala wakati huo, walikutana Kasarani, na msemaji baada ya msemaji akapinga vyama vingi. Rais Moi aliposimama, aliamua kinyume chao: kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kifutwe. Kumbe wapambe aliweza kuwakatalia! Basi hata uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea na baadhi ya wenye foleni fupi wakatangazwa washindi, ni mzigo wake pia.

Magavana nao huteua washauri wenyewe, na wanaowalipa kwa ushuru wao ni akina mama mboga wa Soko la Wakulima. Gavana asituambie alipotoshwa. Atuambie kwa nini aliyempotosha bado yuko ofisini.

Msomaji,
Nakuru