Salamu za Krismasi kutoka Kibosho, Moshi

Ndugu, jamaa na marafiki,

Nawasalimu kwa upendo katika msimu huu wa Krismasi, nikiwa nyumbani Kibosho, ambako tangu juzi magari yanapanda kutoka mjini yakiwa yamejaa watu, magunia ya mchele na watoto waliolala mapajani mwa mama zao. Wapo kati yenu waliofika na furaha tupu, na namshukuru Mungu kwa ajili yao. Wengine najua mmekuja na mzigo usioonekana: kazi iliyokwisha ghafla, duka lililofungwa, mtihani uliokataa kwa mara ya pili. Ninyi ndio hasa ninaowaandikia.

Jana asubuhi nilimsaidia shangazi kuchuma kahawa ya mwisho wa msimu kihambani, yaani katika shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Miaka minne iliyopita chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, iliharibu karibu mavuno yake yote. Buni zilianza kuwa nyeusi na kusinyaa zikiwa bado changa matawini, na majirani wakamshauri aachane na kahawa, alime nyanya. Yeye aling'oa ile mikahawa ya zamani, akapanda miche inayostahimili ugonjwa huo, na kwa kuwa mkahawa mchanga huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, aliishi kipindi chote hicho kwa ndizi na maziwa ya ng'ombe mmoja, huku akibeba samadi kwa ndoo hadi kwenye kila shina. Jana aliinama kuokota hata buni zilizodondoka kwenye majani makavu ya migomba, akizipangusa moja moja kwa khanga. Nilitamani asimulie habari za miaka ile, lakini alikuwa akihesabu madebe.

Pale kihambani nilimkumbuka John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu kutoka Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akamaliza akichechemea, mguu ukiwa umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 18 hawakumaliza; yeye alikuwa wa 57, wa mwisho. Sisi huisimulia habari hiyo na kuikomesha pale uwanjani, na naona hapo tunampunja, kwa sababu alirudi mazoezini, na mwaka 1970 akawa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Kurudi mazoezini na goti lile, bila mtu wa kumpigia makofi, ndiko kunakonigusa zaidi.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyerudi nyumbani mikono mitupu, usiogope kupita kwetu sikukuu hii. Mtori utakuwa jikoni tangu alfajiri, na shangazi ameweka kando kahawa kidogo ya mavuno haya mapya, ameikaanga na kuitwanga mwenyewe, akisema haitachemshwa mpaka wote mfike.

Nawatakia Krismasi njema na mwaka mpya wenye heri.