Alhamisi: saruji, nondo na maoni yetu kwa kaunti

Assalaam aleikum mafundi, wenye nyumba na ndugu zangu nyote wa Lamu.

Alhamisi baada ya Alasiri tukutane barazani petu pa kawaida. Tunaandika maoni kwa kaunti kuhusu hewa ya kaboni inayotoka vifaa vya ujenzi vinapotengenezwa na kusafirishwa, kabla mtu hajahamia nyumbani.

Saruji ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mawe ya chokaa huchomwa hadi nyuzi kama 1,450, na kaboni haitoki kwenye moto tu, hutoka ndani ya jiwe lenyewe. Hata kiwanda kikibadilisha kuni, makaa au mafuta, hiyo ya jiwe iko pale pale. Kwa hivyo sheria iangalie pia mifuko mingapi tunamwaga.

Wenzetu wameshaanza: Ufaransa iliweka vikomo vya kaboni hiyo kwa nyumba mpya mwaka 2022, Denmark 2023, ikianza na majengo yanayozidi mita za mraba 1,000.

Kwetu, mimi ningetanguliza ukarabati. Ukuta wa matumbawe na boriti za mikoko uliosimama mji wa kale, kaboni yake ilishatoka zamani. Kuubomoa ili kumwaga slabu ni kuanza kuchoma upya. Sisemi mikoko ikatwe ovyo, na chokaa nayo huchomwa, tulijadili hilo pia.

Njooni na risiti za kazi zenu: saruji, nondo, mawe ya Manda, nauli ya mashua na ya punda. Asiyeweza kufika apige picha ya risiti aitume hapa kabla ya Jumatano usiku, inshallah.