Samurai mpelelezi hakuhitaji upanga mkali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nijibu uhakiki mliouchapisha hivi karibuni kuhusu filamu za samurai anayepeleleza mauaji katika Japani ya kale. Mhakiki wenu alidai kwamba mpelelezi huyo ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa kubuni wa London, aliyevishwa kimono, na kwamba kinachowavuta watazamaji ni mapambano ya panga tu. Kwa heshima zote, sikubaliani naye.

Ni kweli kwamba mwandishi wa Kijapani Okamoto Kido, aliyeanza kuchapisha visa vya mpelelezi Hanshichi mwaka 1917, alivutiwa na Holmes. Hata hivyo, kazi yenyewe ya upelelezi ilikuwepo Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, muda mrefu kabla kisa cha kwanza cha Holmes hakijachapishwa mwaka 1887. Chini ya utawala wa Tokugawa, ukoo wa watawala wa kijeshi wa Japani, mji huo ulikuwa na mahakimu wawili, wa kaskazini na wa kusini, waliopokezana zamu kila mwezi. Anayekumbukwa zaidi ni Ooka Tadasuke, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 1717 hadi 1736. Chini yao walikuwepo doshin, samurai wa daraja la chini waliolipwa kwa mchele, ambao nao waliwatumia watu wa mitaani, baadhi yao wahalifu wa zamani, kuwaletea habari.

Doshin alipokwenda kumkamata mtuhumiwa hakukusudia kumuua. Silaha yake ilikuwa jitte, fimbo fupi ya chuma isiyo na makali, yenye ndoano moja juu kidogo ya mpini. Upanga wa adui ukishuka, huteleza juu ya fimbo hadi unaswe na ndoano hiyo, na hapo mwenye jitte hupata nafasi ya kuuzuia au kuupokonya. Hata panga walizobeba kwenye misako ziliweza kuachwa bila kunolewa, kwa makusudi kabisa. Sababu ilikuwa ya kisheria: katika kosa la kifo, mtuhumiwa kwa kawaida alipaswa kukiri kwa kinywa chake ndipo ahukumiwe, hata ushahidi uwe mwingi namna gani. Maiti haikiri.

Sheria hiyo ilikuwa na ukatili wake, na sipendi filamu zinazouficha. Aliyekataa kukiri aliweza kupigishwa magoti juu ya mbao zenye kingo kali, kisha mapajani akarundikiwa mawe mazito ya bapa, moja baada ya jingine. Kwa hiyo samurai anayetembea mtaa kwa mtaa, akahoji majirani, akachunguza jeraha na kulilinganisha na silaha, hatafuti jina la muuaji peke yake. Anatafuta ushahidi wa kumfanya mkosaji akiri kabla mawe hayajaletwa, na wa kumwokoa asiye na hatia asije akakiri kwa maumivu. Hapo ndipo ilipo tamthilia ya kweli, wala haikuazimwa London.

Ndiyo maana filamu inayoishia kwa samurai kumkata muuaji kwa pigo moja, hata ikipigwa picha kwa ustadi wa hali ya juu, naiona imeitupa kesi yake yenyewe. Namwomba mhakiki wenu, atakapoandika tena juu ya filamu hizi, atueleze iwapo mtuhumiwa alifikishwa hai mbele ya hakimu, na iwapo alikiri kwa ushahidi au kwa mawe.

Wako katika usomaji,
Msomaji, Tanga