Sio kila mwenye mistari ni nyuki

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, hili jambo limenikaa moyoni wiki nzima.

Nalima sukuma wiki huku Usa River, Arusha, robo eka tu. Juzi nimekuta vidukari, vile vidudu vinavyofyonza mimea, wamejaa chini ya majani, wale wa kijivu kama wamemwagiwa majivu, na juu yao kuna vinyuki vinaelea vimetulia hewani kama vimening'inizwa na uzi, mara fyuu, vimehamia jani lingine. Dogo wangu akatoka mbio, baba nyuki hao! Nikaenda duka la pembejeo na picha kwenye simu, muuzaji hata hakuikuza, akasema piga dawa wote, akanipimia na hela akachukua.

Bahati nzuri bomba la kupigia dawa jirani alikuwa ameliazima. Jioni nikamfunika mmoja kwa glasi nikakaa naye mezani. Mabawa mawili! Nyuki ana manne, ila ya nyuma ni madogo na yanashikana na ya mbele kwa hiyo usiangalie haraka haraka. Macho yamekula karibu kichwa chote, vipapasio vifupi hata huvioni vizuri, wakati vya nyuki ni virefu na vimepinda. Kumbe ni nzi kabisa, mwiba hana, kajivika tu njano na nyeusi ili ndege wamuogope. Nikamshika kwa vidole, mama watoto ananitazama kama nimechanganyikiwa.

Kilichoniuma ni watoto wake. Geuza jani utaona kijidudu cha kijani hakina miguu, kinajivuta kama konokono aliyevuliwa nyumba, mimi miaka yote nakiponda nikijua ni kiwavi. Safari hii nikachuchumaa nikakiangalia, kinapapasa, kinagusa kidukari, kinamnyanyua juu na kumfyonza mpaka anabaki ganda, kisha kinatafuta mwingine. Yaani nilikuwa naua askari wangu mwenyewe, na ile dawa ingemaliza wote.

Sasa Mhariri, ukurasa wenu wa kilimo kila wiki una tangazo la dawa, sio vibaya, lakini siku moja tuwekeeni picha ya huyu nzi na nyuki pembeni yake, kubwa, ya rangi, na ya huyo mtoto wake msisahau maana ndiye tunayemponda sana.

Majani yaliyozidiwa nimewapa mbuzi. Bomba limerudi jana, nimelitundika.

Mkulima, Usa River