Barua ya wazi kwa Waziri wa Kawi: Nani atabeba dola ya mbolea ya Naivasha?

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Nakuru mjini, ninakouza pampu na mabomba, kuhusu mipango ya kutumia umeme wa jotoardhi wa Olkaria, Naivasha, kutengeneza hidrojeni kutoka kwa maji na kuigeuza kuwa amonia ya mbolea. Mkakati wa taifa wa hidrojeni ya kijani, yaani inayotengenezwa kwa umeme safi kama huo, ulipozinduliwa Nairobi mnamo Septemba 2023, hoja mojawapo ilikuwa kupunguza mbolea tunayoagiza kutoka nje. Hoja hiyo siipingi. Ombi langu ni kwamba kabla mkataba wowote haujatiwa saini, wananchi waelezwe ni nani atakayebeba hasara shilingi ikiyumba, hasa ile hasara inayozuka tu endapo jambo fulani litatokea.

Sisi wafanyabiashara tunaijua hatari ya namna hiyo. Tuseme mtu aliwasilisha zabuni ya pampu mnamo Oktoba 2023 kwa bei ya shilingi, huku pampu zenyewe akizilipia kwa dola, ambayo wakati huo ilikuwa karibu shilingi 150. Mpaka zabuni itolewe, hana deni la dola, wala hawezi kusema kwamba hatakuwa nalo. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ikakaribia 160. Ikiwa aliingiwa na hofu akajifunga na benki kununua dola baadaye kwa bei ya karibu na hiyo, kisha zabuni akapewa mwingine, bado alilazimika kuzinunua, ilhali kufikia mwisho wa Machi zilikuwa takriban 132 sokoni. Ipo njia ya kulipa benki ada ili upate haki ya kununua bila kulazimika, na kwa zabuni ndiyo inayofaa zaidi, ila ada hulipwa mapema na hairudi hata ukikosa kazi.

Serikali inapomdhamini mwekezaji hujiweka katika hali iyo hiyo, tena kwa miaka mingi. Dhamana hukaa kimya hadi mnunuzi wa bidhaa za mwekezaji huyo ashindwe kulipa, na siku hiyo inadaiwa kwa kiwango cha dola cha siku hiyo. Kwa umeme tayari tunaonja: ujumbe wa tokeni huja na mstari wa ada ya fedha za kigeni, kwa sababu baadhi ya wazalishaji hulipwa kwa dola au yuro, na shilingi ikishuka tofauti hiyo humfikia mwenye mita ambaye hakuulizwa lolote. Iwapo mtambo wa Naivasha utajengwa kwa mikopo ya dola na mbolea yake kuuzwa kwa bei iliyofungwa kwa dola, mkulima wa Njoro atakuwa ameikwepa meli ya mbolea ya nje tu; dola itamfuata hadi shambani.

Kwa mazingira, maji hayanitishi kama wanavyotishika wengine. Kilo moja ya hidrojeni inahitaji lita 9 za maji safi, na tani ya amonia ina takriban kilo 178 za hidrojeni, yaani lita 1,600 hivi, kabla ya kuongeza maji ya kupoza mitambo na yale yanayobaki na chumvi baada ya kusafishwa. Hayo ya mwisho yasielekezwe Ziwa Naivasha. Kinachonitia wasiwasi ni gesi ya hidrojeni yenyewe: ni nyepesi mno, huvuja kirahisi, na ikifika hewani hurefusha maisha ya methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, kiasi kwamba kwa kipimo cha miaka 100 tani moja hupasha dunia joto kama tani 11 hivi za kaboni dioksidi. Aidha, mbolea ya nitrojeni ikishamwagwa shambani hutoa gesi ya oksidi ya nitrasi, ambayo nguvu yake ya kupasha dunia joto ni mara 273 ya kaboni dioksidi, hata hidrojeni iwe ya kijani namna gani.

Kwa hiyo ninaomba rasimu ya kila mkataba itangazwe kabla ya kutiwa saini, ikionyesha sarafu ya mkopo, sarafu ya bei ya umeme na ya mbolea, na kiasi ambacho Hazina itadaiwa iwapo dola itarudi 160. Mwekezaji naye apewe sharti la kupima uvujaji wa hidrojeni na kutangaza vipimo hivyo kila mwaka. Vikao vya kusikiliza maoni vifanyike Naivasha, Njoro na Molo, kwa Kiswahili, nakala za rasimu zikiwa zimefika huko angalau mwezi mmoja kabla.

Wako mwaminifu,
Muuzaji wa pampu, Nakuru