Shoga, nibaki au niondoke?

Rayyan shoga yangu,

Assalaam alaykum. Hamjambo huko Dar, mama hajambo, na yule wa Tabata bado anakusumbua au kashaoa? Huku wazima wote alhamdulillah, Zaina kajifungua wa kiume, naona umeshasikia. Najua nimekuwa kimya mno, lawama zako ziweke kwanza, mana nina jambo na nataka jibu kabla ya Alhamisi.

Nimepata kazi. Usipige vigelegele bado. Ni mkandarasi anajenga hoteli huku pwani ya kusini, anataka mtu wa kusimamia saiti, mshahara upo tena wa maana, na chumba cha kulala juu yake. Na mie bado niko kwenye ile intanshipu ya ofisini, wananipa nauli na chakula cha mchana, basi. Kaka kashanikalisha kitako, ananambia Saumu umesoma miaka yote ile ndo uje ulipwe pesa ya daladala? Sina la kumjibu, hesabu anayoipiga yeye haina kosa.

Ila ngoja nikueleze huyu bosi wangu wa intanshipu kwanza. Mwanzo nlimuona mzee wa kero tu. Mie nlijua ntakaa mbele ya kompyuta kutwa napiga ETABS, ile programu ya hesabu za majengo, si ndo tulivyokuwa tukijitapa chuo, kumbe wapi, nikapewa karatasi na kalkuleta. Kwake hafungui mtu programu mpaka kwanza akadirie kwa mkono jibu litaangukia wapi. Bimu ya mita 6 imelala juu ya nguzo mbili, kila mita imebeba mzigo wa kilonyutoni 20, momenti yake, yaani ile nguvu ya kuipinda, ngapi? Haya, 20 mara 6, mara 6 tena, gawa kwa 8, inakuja 90. Kitu cha mwaka wa kwanza, nikaona ananidharau. Haikupita siku nyingi yule kijana mwenzangu kaleta modeli yake, imepakwa rangi utadhani kanga ya sikukuu, bimu kama ile ile inasoma karibu 140. Mzee hakugusa hata mausi, akatazama tu akasema, ukuta umeupakia mara mbili baba. Wakaenda kuangalia, kweli ukuta upo mara mbili. Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa kukadiria kila kitu shoga, hata nikikaa barazani kwa shangazi natazama slabu ya juu nasema hii milimita 150, zege kilonyutoni 25 kwa kila mita ya ujazo, basi kila mita ya mraba hapo inajibeba yenyewe 3.75 kabla hajapanda mtu na kabati lake. Shangazi anasema nimeanza kuchanganyikiwa.

Tena si hesabu peke yake. Tulikwenda kukagua nyumba Mji Mkongwe, akaniuliza kwa nini vyumba vya nyumba hizi virefu halafu vyembamba. Nikababaisha, mara joto, mara mila. Akaninyooshea kidole darini: boriti. Mkoko mnyoofu unaofaa kubeba dari huupati mrefu unavyotaka wewe, mita 3 au pungufu, basi upana wa chumba umeshaamuliwa na mti kabla fundi hajapanga jiwe. Mie nimezaliwa na kukulia humu na boriti nazijua, hilo sikuwahi kulifikiri hata siku moja! Kurudi tukapita Forodhani, pale Beit al-Ajaib, si unakumbuka ilivyoporomoka upande mmoja Disemba 2020 nayo ilikuwa kwenye matengenezo. Yeye anasema jengo la zamani linaogopesha zaidi likiwa linatengenezwa, mana unaweza kutoa kitu unachokiona pambo kumbe miaka mia kimebeba mzigo ambao hakuna mchoro unaouonesha. Sisemi ndo kilichotokea pale, sijui, ila maneno yake yamenikaa.

Sasa turudi kwenye hiyo kazi. Nlikwenda kuiona saiti, sikumwambia mtu. Bahari hiyo hapo, ukilamba midomo chumvi. Nikakuta wanajiandaa kumwaga zege la balkoni kesho yake, nondo zimelalia mbao. Mchoro wa ofisi yetu kwa jengo la pwani namna ile unataka nondo ifunikwe na zege milimita 45, pale zimeinuliwa na vikokoto, nikapima, sehemu nyingine 20 haifiki. Nikamuuliza fundi, mzee wa watu mpole, akanambia Bi Injinia sie tunajenga hivi miaka na hazijaanguka. Haziangukii leo bana! Chumvi inaingia taratibu, nondo inakula kutu, kutu inavimba na kuchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka, mara vipande vinadondoka kwenye meza ya mgeni. Nimeona balkoni kama hizo, tumezikagua na mzee.

Ndo hapo roho inagawika. Nikienda, labda hizo nondo zitainuliwa kwa kuwa nipo mie. Au ntasema siku ya kwanza, siku ya pili, halafu lori la zege limeshafika na bosi mwenye pesa anasema mwaga, na mie mgeni wa juzi, mwanamke, peke yangu na futi mkononi… Nikibaki, mzee kashasema ntaanza kusanifu ngazi na msingi mwenyewe, yeye atasahihisha. Lakini pesa je? Ada ya mdogo wangu hailipwi kwa momenti.

Hebu nambie shoga. Wewe uko kwenye ile programu ya miaka 3 ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kitabu chako cha kumbukumbu anakusainia nani? Hii miezi yangu ya huku wataihesabu nikija kujiunga, au ndo ntaanza sifuri? Kazi ya saiti wanaipa uzito gani mbele ya usanifu? Na wewe ulivyoanza bila mshahara uliishije, ulikuwa unamwambia nini baba? Kuna ubaya nikimuomba mzee walau anilipe kidogo, au ataona sina adabu? Ungekuwa wewe ungekwenda?

Usinijibu kwa emoji tafadhali, nakujua. Nipigie usiku baada ya isha, shangazi akishalala, mana akisikia habari ya mshahara kashanifungia begi.

Nakupenda, msalimie mama sana.

Saumu

Na zile noti zako za mkono za Eurocode 2, zile kanuni za Ulaya za kusanifu zege, mpe Sele aje nazo, anapanda boti Jumamosi.